Maua ya bibi yalitoka wapi?

Najua nimepotea, UE zilinikaba koo. Sasa zimeisha, niko nyumbani Ringwani kabla ya kwenda mazoezi ya kufundisha. Leo sina habari za bumu wala za hosteli. Nina habari za maua ya bibi yangu.

Mvua za masika zimekatika, mahindi yameshavunwa, ila uwanja wa bibi bado unawaka. Kuna zinia nyekundu na za rangi ya chungwa, zinaishi kwa maji ya kuoshea vyombo. Bogenvilia imepanda mpaka juu ya paa la jiko. Na kuzunguka mji wote kuna ua wa lantana, ile yenye vijiua vya njano na pinki na vitunda vyeusi tulivyokuwa tunakula utotoni.

Basi bwana, juzi asubuhi namkuta baba mdogo na panga, anataka kuufyeka ua wote. Ndama wake amekufa, na alionekana akila lantana baada ya nyasi kuisha. Bibi kakaa mlangoni, anasema, "Huo ua aliupanda babu yako. Ni wa asili yetu." Halafu wote wawili wakanigeukia mimi, eti msomi wa historia niamue. Jamani!

Ukweli ni kwamba lantana si ya kwetu. Asili yake ni Amerika ya joto. Wazungu waliipenda kwa rangi zake, wakaisambaza duniani kama ua la bustani, ikatoroka bustanini ikaingia porini. Leo imo kwenye orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Ng'ombe akiila sana, ini linaharibika na ngozi inaungua juani. Kwa hiyo baba mdogo hakuwa anabahatisha.

Zinia nayo ni ya Meksiko. Jina ni la Zinn, profesa wa Kijerumani aliyefariki mwaka 1759 akiwa na miaka 31 tu, na kazi yake kubwa ilikuwa kuchunguza jicho, siyo maua! Bogenvilia iliandikwa na Wafaransa kule Rio de Janeiro mwaka 1767, kwenye safari ya meli ya Bougainville. Mtaalamu wa mimea, Commerson, alikuwa na msaidizi wake Jeanne Baret, mwanamke aliyejivika nguo za kiume maana wanawake hawakuruhusiwa melini. (Huyu dada angestahili mada yake peke yake.)

Na sisi tuliwapa lao. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, alituma Ujerumani mbegu za kiua cha zambarau kutoka Usambara. Mwaka uliofuata kikapewa jina lake, Saintpaulia. Sasa kinakaa madirishani Ulaya na Marekani kwa wingi usiosemeka, wakati kule milimani kinapungua kwa sababu misitu inakatwa. Mimi mwenyewe Mtanzania sijawahi kukiona.

Nikamweleza bibi yote. Akanyamaza, kisha, "Na mahindi, mjukuu wangu?"

"Nayo ya Amerika, bibi. Na mihogo."

"Kwa hiyo ugali wangu ni mgeni?"

"Wa ulezi na mtama ndio wa kwetu Afrika."

Akacheka mpaka akafuta machozi. Kisha akamwambia baba mdogo aanze upande wa zizi. Nimeshinda siku mbili nang'oa mizizi, maana ukifyeka tu inachipua tena, na mikono yangu yote imechanika. Pale palipobaki wazi bibi ametaka zinia, mbegu ninazo kwenye bahasha, zinasubiri vuli.

Shina moja, lile la karibu na kaburi la babu, bado limesimama. Baba mdogo hajaligusa, na mimi sijamkumbusha.

Tupo pamoja wadau.