Dola Moja ya Toronto na Mtungi wa Kijijini

Kabla ya mwaka 1922 mtoto aliyepatwa na kisukari cha aina ya kwanza hakuwa na tumaini la kuishi. Kongosho lake lilikuwa limeacha kutengeneza insulini, homoni inayoiwezesha sukari kutoka katika damu na kuingia katika seli. Januari mwaka huo, mjini Toronto nchini Kanada, Leonard Thompson, kijana wa miaka 14, alidungwa insulini iliyotolewa katika kongosho la ng'ombe, akapata nafuu. Mwaka uliofuata wavumbuzi Banting, Best na Collip walikiuzia Chuo Kikuu cha Toronto haki ya uvumbuzi wao kwa dola 1 kila mmoja, ili dawa hiyo isihodhiwe na wachache.

Sasa itazame Tanzania. Mwaka 1989 Donald McLarty na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wao katika vijiji 6 vya Kilimanjaro, Morogoro na Mara. Walipima watu zaidi ya 6,000; wenye kisukari walikuwa takriban 1 katika kila 100. Mwaka 2012 uchunguzi wa kitaifa wa watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64 ulikuta takriban 9 katika kila 100. Makundi hayo hayakulingana kwa umri wala kwa makazi, lakini ongezeko ni dhahiri. Wengi wao wana kisukari cha aina ya pili, kinachoandamana na unene, kazi za kuketi, vinywaji vya sukari na umri mkubwa.

Je, dola ile ilitimiza lengo lake? Bado. Insulini huharibika kwa joto, na nyumba nyingi za vijijini hazina jokofu. Ndiyo maana wako wanaoihifadhi katika mtungi wa udongo wenye ubaridi. Wengine husafiri mbali kuifuata, na wengine hawajui kwamba wanaumwa hadi macho, figo au miguu inapoathirika.

Kwa hiyo, usemapo tiba bora, usifikirie dawa mpya peke yake. Fikiria pia zahanati yenye kipima sukari, muuguzi aliyefunzwa na bei ambayo mkulima anaimudu. Hayo huamuliwa katika bajeti, na bajeti ni jambo la raia. Isome ya nchi yako, kisha uulize: zahanati ya jirani imetengewa nini?