Kabla ya Kulipia Simu, Hakikisha Itashika Mtandao wa Kwenu

Khalati yangu wa Msambweni alitumiwa simu na mwanawe aliyeko Doha. Ilikuwa simu kubwa, yang'ara, na nailoni bado iko kwenye kioo. Kijana aliinunua kwenye duka la simu za mtumba kwa akiba ya miezi, na nia yake ilikuwa moja tu: kila Ijumaa baada ya swala mamake amuone uso. Simu ikaletwa na msafiri, ikafika salama. Laini ikatiwa, ikashika. Simu za kawaida ziliingia, na M-Pesa iliingia. Lakini kila wakipigiana kwa video, picha iliganda. Uso wa kijana ukabaki umeachama, sauti imekatika.

Tukaulaumu mtandao. Tukasema huku kwetu tumesahauliwa, kama kawaida yetu kusema. Mpaka siku moja jirani yake, mwenye simu ya bei ya chini aliyoinunua Ukunda, akaja kuketi naye barazani. Laini yake ni ya kampuni ile ile, na alikuwa akitazama mawaidha ya video bila kukatika. Hapo ndipo nilipoichukua simu ya khalati nikaichunguza. Ilikuwa nzima, haina kasoro. Ila ilitengenezwa kwa soko la Marekani, na ndani yake hamkuwa na hata bendi moja ya 4G katika zile tunazozitegemea hapa kwetu.

Tangu hapo nimekuwa nikiulizwa na watu wengi: nitajuaje kama simu hii itafanya kazi kwa laini yangu? Leo nataka kulijibu swali hilo mara moja, kwa mpango, ili usome kabla ya kutoa pesa.

Kwa nini simu moja ishike na nyingine isishike

Simu ni redio. Kama vile redio ya zamani ilivyohitaji kuzungushwa mpaka ifike kwenye stesheni, simu nayo inahitaji kuweza kusikia masafa ambayo mnara wa kampuni yako unatumia. Masafa hayo hupimwa kwa megahazi, na kila fungu hupewa nambari inayoitwa bendi. Tofauti na redio, bendi za simu hupangwa kiwandani. Kama hazimo, fundi hawezi kukutilia.

Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, umeigawa dunia kanda tatu. Afrika iko kanda ya kwanza pamoja na Ulaya na nchi za Kiarabu. Bara la Amerika liko kanda ya pili. Sehemu kubwa ya Asia, pamoja na Uchina na Japani, iko kanda ya tatu. Ndiyo maana simu iliyotengenezwa kwa soko la Omani au Ujerumani mara nyingi hufaa hapa, na iliyotengenezwa kwa Marekani au Uchina inataka uangalifu. Na hapa ndipo mwana wa khalati alipoteleza: aliinunua Ughaibuni wa Waarabu, lakini simu yenyewe ilikuwa mtumba uliotoka Marekani. Angalia ilikotengenezewa, usiangalie iliponunuliwa.

Bendi za kutafuta hapa Kenya

Andika hizi kwenye karatasi uziweke kwenye pochi:

- 2G: 900 na 1800. Hii ndiyo ya kupiga, kutuma ujumbe na M-Pesa ya *334#. Kabambe yoyote inayouzwa hapa inazo.
- 3G: 2100, yaani bendi ya 1, na 900, yaani bendi ya 8.
- 4G: 1800, yaani bendi ya 3, na 800, yaani bendi ya 20.

Bendi ya 20 nataka uikumbuke kuliko zote. Masafa hayo zamani yalikuwa katika fungu la televisheni. Kenya ilipozima matangazo ya analogi mwaka 2015, tukalazimika kununua ving'amuzi, mojawapo ya faida ilikuwa kupata nafasi ya intaneti ya simu. Safaricom, Airtel na Telkom zote zilipata sehemu katika masafa ya 800.

Umuhimu wake kwetu ni huu: masafa ya chini husafiri mbali zaidi na hupenya kuta vizuri zaidi kuliko ya juu. Mjini, minara imekaribiana, simu isiyo na bendi ya 20 itajishikia bendi ya 3 na usione tofauti. Lakini mtu anayeishi mbali na barabara kuu, kati ya minazi na mikorosho, au ndani ya nyumba ya mawe yenye kuta nene, huenda bendi ya 20 ndiyo pekee inayomfikia kwa nguvu. Simu yake ikiwa haina, itashuka hadi 3G, kisha 2G, naye atasema mtandao mbovu.

Kuhusu 5G, Safaricom iliizindua kibiashara mwaka 2022 na Airtel mwaka 2023. Ni nzuri ukiwa karibu na mnara wake. Lakini usikubali kuongezwa bei kwa ajili ya 5G kwenye simu ambayo haina bendi ya 20.

Hatua tano kabla ya kulipa

Kwanza, bonyeza *#06#. Itatokea nambari ya IMEI yenye tarakimu 15. Simu ya laini mbili huwa na IMEI mbili. Linganisha na iliyoandikwa kwenye boksi na kwenye mipangilio ya simu. Zikitofautiana, rudisha simu mezani uende zako.

Nambari hii si ya mchezo. Usiku wa tarehe 30 Septemba 2012, Tume ya Mawasiliano, ambayo leo ni Mamlaka ya Mawasiliano, iliamuru simu bandia zizimwe kote nchini. Zilizimwa karibu milioni 1.9. Kabla ya hapo wananchi walipewa njia ya kuhakikisha: kutuma IMEI kwa ujumbe mfupi kwenda 1555. Ukituma ukajibiwa kwamba IMEI hiyo ni ya aina nyingine kabisa ya simu, usibishane na muuzaji. Tarakimu nane za mwanzo ndizo zinazotaja aina ya simu, na hazibadiliki kihalali.

Pili, tafuta nambari ya modeli. Jina la simu halitoshi, kwa sababu jina moja lina matoleo mengi. Kwa Samsung, modeli huanza na SM. Ikimalizikia na U ni ya Marekani, ikimalizikia na N ni ya Korea Kusini. Kwa iPhone, tazama herufi kabla ya mkwaju: LL ni ya Marekani, J ni ya Japani, B ni ya Uingereza. Ukishaipata modeli kamili, iandike kwenye tovuti ya maelezo ya simu kama GSMArena, usome orodha ya bendi, uilinganishe na karatasi yako.

Tatu, uliza kama imefungwa. Kampuni za simu za ng'ambo huuza simu kwa mkopo na kuzifunga zisikubali laini ya kampuni nyingine. Simu kama hiyo inaweza kuwa na bendi zote na bado isishike. Ukitia laini ikakuomba namba ya siri ya kufungulia mtandao, imefungwa. Kwenye iPhone, fungua sehemu ya maelezo ya simu. Iliyo huru huandikwa "No SIM restrictions". Mwenye haki ya kuifungua ni kampuni iliyoifunga. Na hata simu za mkopo za hapa nyumbani hufungwa kwa programu deni lisipolipwa, kwa hivyo ukiuziwa ya mtu, dai uthibitisho kwamba amemaliza kulipa.

Nne, tia laini yako mwenyewe, usijaribu kwa laini ya muuzaji. Zima waifai. Hapa wengi hunaswa: duka lina waifai, video inacheza vizuri, mteja anafurahi, kumbe mnara haujaguswa. Waifai ikishazimwa, piga simu, upigiwe, fungua *334#, kisha cheza video. Tazama herufi iliyo juu ya kioo. E ni 2G, H ni 3G, na 4G au LTE ndiyo unayoitafuta.

Tano, ijaribu pale utakapoishi nayo. Simu inayoshika vizuri barabarani Ukunda hujaijua bado. Patana na muuzaji akupe siku moja au mbili za kurudisha, na akuandikie kwenye risiti pamoja na IMEI. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa na ya kupewa maelezo anayohitaji. Muuzaji asiyetaka kuandika ameshakujibu.

Simu za zawadi na za msafiri

Zinazotoka Ghuba: zilizo mpya na za soko la huko, bendi kwa kawaida zinatufaa. Lakini kuna jambo jipya. iPhone 17, iliyotoka Septemba 2025, katika Saudia, Imarati, Omani, Qatar, Kuwait na Bahrain inauzwa bila tundu la laini. Inatumia eSIM peke yake. Za Marekani zimekuwa hivyo tangu iPhone 14 ya mwaka 2022. Safaricom na Airtel zina eSIM, kwa hivyo simu itafanya kazi, ila huenda ukahitaji kwenda duka la kampuni na kitambulisho chako. Kwa mzee aliyezoea kuchomoa laini na kuitia kwenye kabambe simu ikiisha chaji, hilo ni tatizo. Mfikirie kabla hujamtumia.

Zinazoachwa na wageni wa Diani: simu za Ulaya hutumia bendi ya 3 na ya 20 kama sisi, kwa hivyo ni za kutumainiwa. La kuuliza ni kufuli. Uingereza ilipiga marufuku kuuza simu zilizofungwa kuanzia Desemba 2021. Za kabla ya hapo zinaweza kuwa zimefungwa. Mwambie mgeni atoe akaunti yake mbele yako kabla hajapanda ndege, maana akishaondoka hakuna fundi wa kukusaidia kihalali.

Zinazotoka Marekani: za bei kubwa mara nyingi zina bendi nyingi za dunia nzima. Zile za bei nafuu za kulipia kabla ndizo za kuogopa. Utaona bendi 2, 4, 5, 12, 13, 66 na 71, na hutaiona 3 wala 20.

Zinazotoka Uchina kwa soko la Uchina: mara nyingi zina bendi ya 3 na hazina ya 20. Mjini utafurahi nayo, kijijini utaijutia.

Kuhusu ushuru wa simu za kuletwa: notisi za mwaka 2024 zilizotaka IMEI zitangazwe kuanzia 1 Januari 2025 zilibatilishwa na Mahakama Kuu Julai 2025. Mambo haya hubadilika, kwa hivyo anayekuja na simu zaidi ya moja aulize forodha kabla ya kusafiri.

Ikiwa umeshainunua

Usikimbilie kuitupa. Kwanza hakikisha kwamba mipangilio inaruhusu 4G, maana simu nyingine huwa zimefungiwa 3G na mwenyewe wa kwanza. Pili, jua kama laini yako ni ya zamani. Kampuni hubadilisha laini za zamani kuwa za 4G. Tatu, jaribu laini ya kampuni nyingine papo hapo ulipo.

Kwa ndugu zetu wa Vanga, Lunga Lunga na Shimoni kuna la ziada. Simu inaweza kuwa nzima kabisa lakini imeshika mnara wa Tanzania. Tafuta mtandao kwa mkono kwenye mipangilio. Nambari za Kenya huanza na 639: Safaricom ni 639 02, Airtel ni 639 03. Ukiona 640, hiyo ni Tanzania, na salio lako litakwenda mbio.

Kama bendi hazimo, basi hazimo. Usimlipe mtu anayekuahidi kuzitia kwa programu.

Khalati hakutaka kumwambia mwanawe. Alisema kijana ametoka jasho juani, asije akavunjika moyo. Nilimpigia mimi. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza simu ya jirani ni ya aina gani. Mwezi uliofuata alituma pesa badala ya simu, tukaenda Ukunda na karatasi yetu, tukanunua ya chini ya nusu ya bei ya ile ya kwanza, ikiwa na bendi ya 3 na ya 20. Ile kubwa ameachiwa mjukuu asomee kwa waifai ya shule.

Wazee walisema rahisi huvunja upishi, na ni kweli. Lakini katika simu, hata ghali huvunja upishi kama haikupangiwa jiko lako. Ijumaa iliyopita nilikuwa kwa khalati baada ya swala. Uso wa kijana ulikuwa kwenye kioo, na kila tulipomcheka alitujibu papo hapo.