Biometria ya jicho

Biometria ya jicho ni upimaji anaofanyiwa mgonjwa anayesubiri kuondolewa mtoto wa jicho, ili ijulikane nguvu ya lenzi ya bandia atakayowekewa. Lenzi ya kwanza ya aina hiyo iliwekwa London mwaka 1949 na Harold Ridley. Makadirio ya nguvu yake yalikosewa, na mgonjwa akabaki haoni vizuri mbali.

Hupimwa mpindo wa konea (sehemu angavu ya mbele ya jicho) na urefu wa jicho kutoka konea hadi retina (utando wa nyuma unaopokea mwanga). Kwa mtu mzima urefu huo ni takriban milimita 23.5, na nguvu ya konea daiopta (kipimo cha nguvu ya lenzi) 43 hadi 44. Urefu ndio wenye hatari: ukikosewa kwa milimita 1 tu, nguvu ya miwani hupishana kwa daiopta 2.5 hadi 3. Mvuvi wa Pangani aliyepimiwa hivyo huweza kuona tundu la wavu mkononi, huku ngalawa ya mwenzake ikibaki ukungu.

Mgonjwa kama huyo akihitaji rufaa, mkoani Tanga hospitali ya rufaa ni Bombo. Kwa kanda ya kaskazini ni KCMC, Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971.

Mtoto wa jicho aliyekomaa, kama wa wazee wengi wa vijijini wanaochelewa kufika hospitali, huzuia mwanga wa mashine za kisasa. Hapo hutumika mawimbi ya sauti. Mpimaji asikandamize kipimo kwenye jicho: konea ikibonyea, jicho husomeka fupi, na lenzi huchaguliwa kali kupita kiasi.