Sifa ya Motokaa na Hukumu ya Barabara

Wahenga walisema kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Methali hii ni ya kweli kwa maembe na kwa nguo, lakini waliotunga hawakuwajua watengenezaji wa motokaa. Katika biashara hiyo kizuri na kibaya hutembezwa sawasawa, kwa tarumbeta moja, na mnunuzi huachwa amtafute mwenyewe shahidi wa kumwambia lipi ni lipi. Mashahidi ni wa namna mbili: yuko aliyelipwa, na yuko ambaye hakuna aliyeweza kumlipa.

Shahidi wa kwanza tumtazame mbali. Katika jimbo la Florida, nchini Marekani, mna bustani kubwa ya michezo iitwayo Epcot, mali ya kampuni ya Disney. Bustani hiyo ilipofunguliwa mwaka wa 1982, kampuni ya magari ya General Motors ilikuwa na jumba lake humo, lililoonyesha historia ya usafiri. Jumba lilifungwa mwaka wa 1996, likageuzwa, na mwaka wa 1999 likafunguliwa rasmi kwa jina la Test Track, yaani njia ya majaribio. Watu sita huketi katika kigari kisicho na dereva, kikawapitisha katika majaribio ya namna namna, kisha kikatoka nje ya jumba na kuwakimbiza kwa mwendo wa kilomita zaidi ya 100 kwa saa. (Ufunguzi wenyewe ulichelewa karibu miaka miwili, kwa kuwa vigari hivyo vya kuonyesha uimara vilikuwa vikiharibika.) Jumba likatengenezwa upya mwaka wa 2012, na mara nyingine likafungwa Juni 2024 hata Julai 2025.

Baina ya matengenezo hayo kampuni iliyolidhamini ilipatwa na mambo mazito. Mwezi wa Juni 2009 ilifilisika, ikaokolewa kwa fedha za serikali ya Marekani. Mwaka wa 2014 iliita magari yapatayo milioni 2.6 yarudishwe, kwa sababu swichi ya kuwashia injini iliweza kujizima yenyewe gari likiwa mbioni; na injini ikizimika hivyo, mifuko ya hewa ya kumkinga abiria haikufunguka. Mfuko wa fidia ulioundwa baadaye ulikubali madai ya vifo 124. Ndani ya kampuni walikuwamo watu walioijua kasoro ile miaka mingi kabla. Na siku zote hizo, kule Florida, vigari viliendelea kufaulu kila jaribio mbele ya watoto waliokuwa wakishangilia. Havikuweza kushindwa, maana aliyeilipia njia ndiye aliyetaka kusifiwa.

Sasa turudi kwetu. Katika mwaka wa 1953, wakati Malkia Elizabeth wa Pili alipokuwa akitawazwa, wenye kupenda motokaa katika Kenya, Uganda na Tanganyika walianzisha mashindano yaliyoitwa Safari ya Kutawazwa. Hatuna haja ya kuyapamba. Ulikuwa mchezo wa walowezi na wa wenye fedha, nao ulifanywa katika nchi iliyokuwa chini ya sheria za hali ya hatari tangu Oktoba 1952. Kwa watu wa Kiambu na Thika, walioishi kandokando ya mashamba makubwa ya kahawa na katani, miaka ile haikuwa miaka ya kushangilia magari. Hata hivyo waanzilishi walikuwa na wazo moja la busara, ambalo laeleza yote yaliyofuata. Magari yaliingia kama yalivyouzwa dukani, nayo yaligawanywa katika madaraja, si kwa ukubwa wa injini kama ilivyo desturi ya Ulaya, bali kwa bei yake. Mkulima mwenye fedha za kununulia gari la daraja fulani aliweza kuona, kwa macho yake, lipi katika daraja lile lilirudi na lipi lilibaki mtoni.

Barabara ndiyo iliyokuwa hakimu. Haikufungwa kwa ajili ya washindani. Walipita humo humo mlimopita mabasi, ng'ombe na watoto wa shule. Mashindano yalizoea kufanywa wakati wa Pasaka, ambapo masika huweza kuwa yameanza. Vumbi la asubuhi liligeuka tope jioni, na udongo mweusi, ukisha kulowa, hauulizi gari limetoka nchi gani. Njia ilikuwa na kilomita zipatazo 5,000. Mwaka wa 1963 yaliondoka magari 84 yakarudi 7. Mwaka wa 1968 yaliondoka 93, na tena yakarudi 7 tu.

Hukumu za namna hiyo zilikuwa na thamani kuliko tangazo lolote, na watengenezaji walilijua jambo hilo upesi. Volkswagen, kigari kidogo cha Kijerumani chenye mgongo wa kobe na injini nyuma, kilishinda mwaka wa 1954, tena 1957, tena 1962. Mercedes ikashinda mara tatu mfululizo, kuanzia 1959 hata 1961. Peugeot 404 ilishinda mwaka wa 1963, kisha miaka mitatu kwa mpigo, 1966 hata 1968. Na baada ya hapo, kwa muda mrefu, msafiri wa Kenya aliyetaka kufika mbali upesi alipanda Peugeot, akabanwa pamoja na abiria wenziwe na kuku wao, wala hakuuliza kwa nini mwenye gari alichagua jina lile.

Lakini ushindi ulio mtamu kuusimulia ni wa mwaka wa 1965. Joginder Singh, fundi na dereva aliyezaliwa Kericho, alishinda pamoja na nduguye Jaswant katika Volvo PV544. Gari lenyewe lilikuwa limekwisha kutumika: kampuni ililileta kwa mashindano ya mwaka uliotangulia, nalo likauzwa huku huku. Hivyo sifa ambayo kiwanda cha Sweden kiliitafuta kwa magari mapya na madereva wake yenyewe, ilipatikana kwa mkono wa fundi wa hapa aliyenunua mtumba wake na kuukaza bolti. Joginder alishinda tena mwaka wa 1974 na 1976, akapewa jina la Simba.

Nataka kukaa kidogo na Volkswagen, kwa sababu jina lake linatufikisha karibu na nyumbani. Sifa iliyochumwa katika tope la Afrika Mashariki na kwingineko ilidumu zaidi ya nusu karne. Kisha, Septemba 2015, serikali ya Marekani ilitangaza kwamba kampuni hiyo imedanganya. Magari yake ya dizeli yalikuwa na programu iliyotambua kwamba gari linapimwa. Hapo moshi ulisafishwa barabara. Gari likitoka chumba cha vipimo na kushika njia, usafishaji ulipunguzwa, na gesi ya sumu ikatoka hata mara 40 ya kiasi kilichoruhusiwa. Magari yapatayo milioni 11 yalikuwa na hila hiyo. Waliogundua mwanzo walikuwa watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia, nao hawakutumia ujanja wowote: walifunga vyombo vya kupimia nyuma ya magari, wakayaendesha katika barabara za kawaida. Kile ambacho maabara haikukiona, barabara ilikisema.

Miezi kumi na mitano baadaye, tarehe 21 Desemba 2016, Rais Uhuru Kenyatta alizindua uunganishaji wa Volkswagen Polo Vivo mjini Thika. Mtu akaaye Murera, akiifuata barabara kuu kuelekea kaskazini, hufika Thika kwa safari fupi tu. Kiwanda kilichopokea kazi hiyo, Kenya Vehicle Manufacturers, nacho kina historia yake ya majina. Kiliundwa mwaka wa 1974 kwa jina la Leyland Kenya, kikiwa na ubia wa serikali na kampuni ya Kiingereza ya British Leyland. Mwaka uliofuata kampuni ile kubwa ilizidiwa na hasara hata ikachukuliwa na serikali ya Uingereza. Jina la Leyland lilipokwisha kuchakaa, mwaka wa 1989, kiwanda cha Thika kikaliacha na kujiita cha Kenya. Mafundi waliendelea kufunga bolti zile zile. Waliokuwa wamepoteza heshima hawakuwa wao.

Polo Vivo ilikuja katika vipande kutoka Afrika ya Kusini, kwa matumaini ya kutengeneza magari hata 5,000 kwa mwaka. Haikufika huko. Kilichoizuia, kwa maoni yangu, hakikuwa moshi wa dizeli, ambao wanunuzi wachache walikuwa na habari nao, bali magari yaliyokwisha kutumika kutoka Japani, yanayoshushwa Mombasa kwa bei nafuu. Mengi katika hayo ni Toyota, na kila fundi wa chini ya mti kutoka Ruiru hadi Gatundu anazo habari za ndani yake.

Mashindano ya Safari nayo yalijengwa upya. Yalitolewa katika ubingwa wa dunia baada ya mwaka wa 2002, yakarudishwa Juni 2021, baada ya kuahirishwa mwaka mmoja kwa ajili ya maradhi ya korona. Sehemu kubwa ya gharama ilibebwa na serikali ya Kenya. Siku hizi magari hushindana katika njia zilizofungwa, nyingi zikiwa karibu na Naivasha, na urefu wake ni sehemu ndogo tu ya ule wa zamani. Jambo hili ni la haki kwa ng'ombe na watoto wa shule. Kuanzia 2021 hata 2025 gari lililoshinda kila mwaka lilikuwa Toyota. Mwaka wa 2022 Toyota zilishika nafasi nne za kwanza zote, na mwaka wa 2023 zikafanya vivyo hivyo.

Walakini gari hilo la ushindi halipatikani dukani kwa bei yoyote. Limeundwa kwa mashindano peke yake, na madaraja ya bei ya mwaka wa 1953 hayana mahali pa kuliweka. Mwaka wa 2021 washindani walianza Kasarani, kando ya barabara ya Thika, katika njia isiyozidi kilomita tano. Kwenye barabara kuu iliyo kando ya uwanja zilipita Hiace za abiria zikitoka Ruiru na Thika, zenye umri mkubwa kuliko baadhi ya watazamaji, nazo zilikuwa zimebeba watu.