Meli Zilizoipa Bahari Mgongo

Kampuni ya meli za kitalii ya Royal Caribbean ilipoanza safari zake mwaka 1970 kwa meli ya Song of Norway, iliweka baa juu kabisa, kwenye bomba la moshi. Abiria alipanda huko, akaagiza kinywaji na kuitazama bahari. Meli yenyewe ilikuwa na tani 18,000 hivi (tani hizi hupima ujazo wa ndani, si uzito). Wateja walipozidi, mwaka 1978 ilikatwa katikati, ikatiwa kipande cha mita 26, ikaungwa tena.

Mwaka 1988 ilianza kazi Sovereign of the Seas, tani 73,000, iliyoundwa Saint-Nazaire, Ufaransa. Katikati yake palikuwa na ukumbi wa ghorofa tano wenye lifti za vioo, kama hoteli kubwa ya mjini. Hapo ndipo macho ya abiria yalipoanza kugeuzwa ndani.

Voyager of the Seas, iliyotoka Turku, Finland, mwaka 1999, ikamaliza kazi hiyo. Kwa tani zake 137,000, haikuweza hata kupenya Mfereji wa Panama wa wakati ule. Ndani yake mlipita mtaa mzima wa maduka na baa, na baadhi ya vyumba vilikuwa na madirisha yanayotazama mtaa huo. Yaani mtu anapanda meli, analipia dirisha, kisha anaangalia wapita njia! Uwanja wa kuteleza kwenye barafu nao ulikuwemo, Karibi huko huko kwenye jua kali.

Zilizofuata ziliongeza ukubwa tu. Oasis of the Seas ya 2009, tani 225,000, ina bustani ya mimea halisi katikati, wazi hadi angani, na vyumba vyenye roshani zinazoitazama. Ilipotoka Baltiki ilibidi mabomba yake ya moshi yashushwe ili ipite chini ya daraja la Great Belt, Denmark. Nafasi iliyobaki juu haikufika mita moja. Icon of the Seas ya 2024 imekaribia tani 249,000.

Lakini kati ya Voyager na Oasis kampuni iliwahi kufikiri vingine. Radiance of the Seas ya 2001, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, ina tani 90,000 tu, na imejaa vioo ubavuni. Lifti zake kadhaa zinatazama nje: unapanda kwenda kula huku bahari ikishuka chini yako. Kwangu mimi, ndiyo aina bora kuliko zote walizounda. Ziliundwa nne, basi. Mara nyingi hupelekwa Alaska, kwenye milima ya barafu, ambako hata mfanyabiashara anajua kwamba mteja amelipa kutazama nje.