Dhima ya Fundi: Fidia na Bima Katika Ukanda wa Almasi na Dhahabu

Bima ya dhima humkinga mtu anayeweza kudaiwa kwa sababu kazi yake imemdhuru mwingine. Katika machimbo ya Shinyanga na Geita, kinga hiyo iliingia kupitia daftari la mishahara. Aliyeandikwa humo alikuwa na wa kumlipia. Fundi wa kujitegemea alibaki na jina lake na vifaa vyake.

Mgodi wa dhahabu wa Geita ulianza miaka ya 1930 chini ya kampuni ya Kentan. Mwaka 1940 mjiolojia Mkanada, John Williamson, aligundua almasi Mwadui, na mahali hapo pakawa mji uliozungushiwa uzio, wenye hospitali, shule na uwanja wake wa ndege. Kampuni ya namna hiyo iliajiri mafundi wake yenyewe, kuanzia wa mitambo hadi wa umeme. Sheria ya fidia kwa wafanyakazi ya mwaka 1949, iliyofuata mfano wa Uingereza, ilimbana mwajiri: mtu akikatika mkono kazini, mwajiri hulipa hata kama hakuna uzembe uliothibitishwa. Aliyetaka kupunguza mzigo huo alikata bima. Lakini kibarua aliyeitwa kwa kazi ya mara moja, isiyo ya biashara ya mwajiri, aliachwa nje, na vivyo hivyo fundi aliyechukua kazi kwa mapatano.

Baada ya Azimio la Arusha, Februari 1967, biashara ya bima Tanzania Bara iliwekwa mikononi mwa Shirika la Bima la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963. Kwa karibu miaka 30 hapakuwa na mlango mwingine wa kubisha. Mgodi wa Geita ulikuwa umefungwa mwaka 1966, na Mwadui ikataifishwa miaka ya 1970. Bima ikawa jambo la ofisi kuongea na ofisi. Sheria ya fidia nayo ilizeeka vibaya: viwango vyake vilikwama kwenye shilingi 83,000 kwa kifo na 108,000 kwa ulemavu wa kudumu, na thamani ya shilingi iliposhuka, fedha hizo hazikutosha hata kuendesha msiba. Vilikuwa bado kwenye vitabu wakati migodi mikubwa ya kisasa inafunguliwa.

Sheria ya Bima ya mwaka 1996 iliruhusu kampuni binafsi. Mgodi mpya wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001 na Buzwagi mwaka 2009. Migodi hii haikuajiri kila fundi. Kazi nyingi iliwapa wakandarasi, na hapo ndipo bima ya dhima ilipoanza kumhusu fundi mwenyewe, kwa kuwa mikataba ya kazi kubwa huidai kabla mtu hajapita getini. Kanuni za mwaka 2018 kuhusu ushiriki wa Watanzania katika madini ziliongeza kwamba bima za shughuli hizo zipitie kwanza kampuni za ndani.

Fundi wa ndege anaonyesha uzito wa jambo hili kuliko mwingine yeyote. Migodi ina viwanja vyake, na ndege ndogo hubeba wafanyakazi na mizigo. Kabla ndege haijarudi angani baada ya matengenezo, fundi mwenye leseni huandika kwenye kitabu cha ndege kazi aliyoifanya, hutia sahihi na namba ya leseni yake. Sahihi hiyo haifi siku ile. Nati aliyoikaza leo inaweza kulegea miezi kadhaa baadaye, akiwa ameshalipwa na kuondoka. Ndiyo maana tarehe za bima yake zina uzito kuliko ada: bima nyingine hulipa ikiwa hai siku madhara yalipotokea, nyingine hulipa tu ikiwa hai siku dai linapoletwa. Aliyekata ya aina ya pili akaiacha iishe hana kinga kwa kazi zake za zamani. Nchini Tanzania, fundi wa ndege kwa kawaida hufanya kazi chini ya karakana iliyoidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na karakana ndiyo hubeba bima.

Fundi wa duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo, hana karakana. Anayepanga matimba kushikilia kuta za shimo, au anayetengeneza karasha la kusaga mawe, hulipwa kwa kazi au kwa mgao wa mawe. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi Julai 2015 kwa sheria ya mwaka 2008, ulifuta viwango vya zamani na kuleta pensheni kwa walemavu na wategemezi. Hata hivyo unachangiwa na waajiri, kwa asilimia ya mishahara, na duarani mshahara haupo. Oktoba 2015 shimo lilititia Nyangarata, Kahama. Wachimbaji watano walitolewa hai baada ya siku 41, na mmoja akafariki baadaye. Agosti 2025 watu 25 walifukiwa Nyandolwa, Shinyanga, wakati maduara yakikarabatiwa.

Ajabu ni kwamba lori linaloondoka duarani na mawe haliruhusiwi barabarani bila bima ya mtu wa tatu, sharti lililokuwapo tangu mwaka 1945. Matimba yanayoshikilia kifusi juu ya vichwa vya watu hayana sharti la namna hiyo. Mchimbaji anaweza kujikatia bima ya ajali au kujiunga kwa hiari na hifadhi ya jamii, ila hizo humlipa yeye au familia yake tu. Shimo likiwaangukia wengine kwa kazi aliyoifanya yeye, wa kudaiwa ni yeye, mwenye duara au mwenye leseni ya uchimbaji, kadiri mahakama itakavyoona.