Ufundishaji wa historia katika shule za sekondari Tanzania

Ufundishaji wa historia katika shule za sekondari Tanzania ni sehemu ya elimu rasmi inayowapa wanafunzi maarifa kuhusu mambo yaliyopita nchini, barani Afrika na duniani, pamoja na njia za kuyachunguza. Mihtasari ya somo huandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), na mitihani ya taifa husimamiwa na Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA).

Usuli

Wakati wa ukoloni wa Uingereza, historia iliyofundishwa katika shule chache za sekondari za Tanganyika ilihusu zaidi Ulaya, Dola la Uingereza na safari za wapelelezi wa Kizungu. Mitihani ilitungwa Cambridge, Uingereza. Waafrika walitajwa hasa pale walipokutana na wageni.

Baada ya uhuru wa mwaka 1961, hali ilianza kubadilika. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wanahistoria kama Terence Ranger, Isaria Kimambo na Arnold Temu walisisitiza kwamba Waafrika ndio watendaji wakuu wa historia yao. Mwaka 1969 Kimambo na Temu walihariri kitabu cha historia ya Tanzania kilichoandikwa kwa mtazamo huo. Mwaka 1972 Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana aliyekuwa akifundisha chuoni hapo, alichapisha kitabu chake kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kimaendeleo. Fikra zake kuhusu utumwa, ubepari na ukoloni ziliingia pia katika madarasa ya sekondari.

Upande wa sera, Julius Nyerere alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, akitaka shule zifuate mahitaji ya jamii ya Tanzania. Mwaka 1971 Tanzania ilijitoa katika baraza la mitihani la Afrika Mashariki, na NECTA ikaanzishwa kwa sheria mwaka 1973.

Maudhui ya somo

Katika muhtasari wa mwaka 2005, mada zilipangwa kwa kufuata wakati:

- Kidato cha kwanza: maana na vyanzo vya historia, chimbuko la binadamu, shughuli za uchumi na mifumo ya kijamii na kisiasa kabla ya ukoloni.
- Kidato cha pili: mahusiano kati ya jamii za Afrika, biashara na ulimwengu wa nje, na kukua kwa ubepari wa viwanda.
- Kidato cha tatu: kuingia kwa ukoloni, utawala wake, uchumi wake na huduma zake za jamii.
- Kidato cha nne: vita vikuu na mdororo wa uchumi duniani, harakati za ukombozi, na Afrika baada ya uhuru.

Katika kidato cha tano na sita, historia husomwa ndani ya tahasusi kama HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) na HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza).

Vyanzo vya historia darasani

Mwanafunzi hufundishwa kwamba historia hutokana na vyanzo mbalimbali: masimulizi ya mdomo, maandishi, akiolojia, isimu, makumbusho na maeneo ya kale. Tanzania ina maeneo mengi ya kufundishia, kama Bonde la Olduvai, ambako Mary Leakey aligundua fuvu la Zinjanthropus mwaka 1959, michoro ya miambani ya Kondoa, magofu ya Kilwa Kisiwani, zana za mawe za Isimila na mji wa Bagamoyo.

Mfano mzuri wa matumizi ya vyanzo ni Vita vya Majimaji (1905–1907). Taarifa rasmi za Wajerumani zilikadiria vifo vya Waafrika kuwa 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria watu 250,000 hadi 300,000, wengi wao wakiwa wamekufa kwa njaa baada ya askari kuchoma mashamba na maghala. Mwishoni mwa miaka ya 1960, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikusanya masimulizi ya wazee waliokumbuka vita hivyo. Mwalimu anayeweka taarifa hizo pamoja huwawezesha wanafunzi kuuliza nani aliandika, kwa nini aliandika, na sauti ya nani haikusikika.

Vilevile tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, inajulikana sana shuleni. Hata hivyo ni kazi ya sanaa: mhusika wake mkuu si sawa na Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1905.

Lugha ya kufundishia

Kwa muda mrefu historia katika sekondari imefundishwa kwa Kiingereza, ingawa wanafunzi wengi wametoka shule za msingi zinazotumia Kiswahili. Somo hili linadai kueleza sababu, kulinganisha na kujenga hoja kwa insha, hivyo mwanafunzi anaweza kuelewa tukio lakini akashindwa kulieleza katika mtihani. Walimu wengi huchanganya lugha mbili wanapofafanua mada.

Desemba 2020 Rais John Magufuli aliagiza historia ya Tanzania ifundishwe kama somo la lazima. Katika mtaala ulioanza kutekelezwa mwaka 2024, somo la Historia ya Tanzania na Maadili ni la lazima katika sekondari ya chini na hufundishwa kwa Kiswahili.

Changamoto

Uhaba wa vitabu na wingi wa wanafunzi darasani huwafanya walimu wengi kutegemea kuandika muhtasari ubaoni ili wanafunzi wanakili. Matokeo yake ni kukariri tarehe na orodha za sababu kwa ajili ya mtihani. Ziara za maeneo ya kihistoria huhitaji nauli na muda. Njia isiyo na gharama kubwa ni kuwatuma wanafunzi kuhoji wazee wa kijiji au mtaa wao, kisha kulinganisha majibu darasani.

Suala jingine ni uhusiano wa historia na uzalendo. Kuunganisha somo na maadili kunalenga kujenga upendo kwa nchi. Pamoja na hayo, uchunguzi wa kihistoria unadai pia kujadili mambo yenye uchungu, kama ushiriki wa baadhi ya watawala wa Kiafrika katika biashara ya watumwa, au kuhamishwa kwa watu kwa nguvu wakati wa vijiji vya ujamaa.